Chupa Iliyokataa Kufuata Upepo

Mwenye duka la steshenari mjini Masasi, kama mimi, ni mtumishi wa umma asiye na mshahara. Asubuhi ni wakili: mtu anataka barua kali ya kumwondoa mpangaji, lakini isiwe kali sana, kwa kuwa mpangaji ni shemeji yake. Mchana ni ofisa ajira, anachapa maombi ya kazi ya vijana wa mtaa mzima, na wote ni wachapakazi wanaoweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Jioni ni mshenga, ana rundo la kadi za harusi mezani na jina la bwana harusi limekosewa kwenye zote. Msimu wa korosho ukifika nageuka mhasibu, wakulima wanakuja na stakabadhi zao za ghalani niwasomee makato. Nilidhani fani zimekwisha. Uhandisi wa roketi sikuutegemea.

Uliletwa na mpwa wangu. Kwetu sisi Wamakonde asili ni ya upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Wazee hawakumalizia sentensi hiyo: mjomba ndiye mwenye sauti na ndiye mwenye kutoa hela. Mpwa huyu anasoma kidato cha tatu Newala, anakaa kwa bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi. Shule yao ilitangaza maonesho ya sayansi. Wenzake wakachagua mambo ya kheri: betri ya malimao, sabuni ya mwarobaini, volkano ya magadi na siki. Yeye akachagua roketi, akateremka Masasi na kiroba begani.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba. Shilingi ngapi?"

"Sikuja kuomba hela, njomba. Nimekuja kuomba kompyuta."

Nikajua papo hapo kwamba hela ingekuwa nafuu.

Kirobani mlikuwa na chupa mbili za soda za lita moja na nusu, kipande cha ndala, valvu ya tairi ya baiskeli na maboksi. Roketi ndogo ya kawaida inataka injini ya baruti, na kitu hicho hakiuzwi Masasi wala Newala, na nashukuru, maana sheria ya vilipuzi haina utani. Kwa hiyo wanafunzi wengi hurusha chupa. Unaijaza maji theluthi moja, unaiziba kwa kizibo cha mpira chenye valvu, unaigeuza kichwa chini, kisha unapampu kwa pampu ya baiskeli. Hewa inabanwa, kizibo kinachoka, maji yanaruka chini na chupa inaruka juu. Newton alishasema. Ila ni lazima iwe chupa ya soda, ambayo imetengenezwa kuvumilia gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, ukiibana hewa inaweza kukupasukia usoni.

Kuruka si tatizo. Tatizo ni kwamba chupa iliyoachwa hivihivi hupanda kidogo, ikapinduka, ikaanza kuzunguka hewani na kuwafuata waliokuja kuitazama. Kinga yake ni ileile ya mshale: chuma mbele, manyoya nyuma. Kila kitu kinachoruka kina kitovu cha uzito, pale ukikiweka juu ya kidole kinatulia. Kina pia kitovu cha upepo, pale ambapo nguvu zote za hewa zinazokisukuma ubavuni zinaweza kuhesabiwa kuwa zinasukuma kwa pamoja. Kitovu cha uzito kikiwa mbele, roketi ikiyumba upepo unausukuma mkia urudi mahali pake. Kikiwa nyuma, upepo unafanya kazi hiyohiyo kinyume, na hapo ndipo watazamaji hukimbia. Wataalamu wanataka umbali kati ya vitovu hivyo viwili usipungue upana mmoja wa roketi, wanaouita kaliba moja, na usizidi sana mbili. Kwa chupa yetu kaliba moja ni kama sentimita tisa.

Kitovu cha uzito unakipata kwa kidole. Cha upepo hakishikiki. Zamani wapenzi wa roketi ndogo walikuwa wakikata kivuli cha roketi kwenye kadibodi na kutafuta mahali kadibodi inapotulia, jambo linalokupa jibu la woga kupita kiasi. Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa NASA, akawapa wapenzi hao kanuni za kukipigia hesabu kwa kutumia umbo la pua, la mwili na la mapezi. Na mwaka 2009 Mfini mmoja, Sampo Niskanen, aliandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kule Helsinki kuhusu programu inayofanya hesabu zote hizo kwa niaba yako. Inaitwa OpenRocket, na ni ya bure.

Bure kwa Niskanen. Mimi bando langu la wiki liliishia kwenye kuipakua.

Ukiifungua, unaijenga roketi kipande kwa kipande: pua, mwili, mapezi, na unataja kila kipande ni cha kitu gani. Roketi inajichora chini ya skrini, na juu yake vinatokea vidoa viwili, cha buluu cha uzito na chekundu cha upepo. Pembeni kuna namba moja tu ya kuangalia, ya uthabiti, kwa kaliba. Mpwa alijenga alfajiri moja kwenye meza ileile ninayochapia risala. Mteja wa kwanza akaingia, mzee aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akainama, akakazia macho vidoa.

"Hiyo ndiyo picha ya mgongo wa nani?"

"Ni roketi, babu."

Mzee akanyooka. Watu wa umri wake katika wilaya hizi wanakumbuka vita ya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia mwaka 1964 mpaka 1974, iliyopiganwa ng'ambo ya Ruvuma na mara nyingine ikasahau kuwa kuna mto. "Mnawapiga tena Wareno?" akauliza. Nilimweleza kwamba ni chupa ya soda. Alilipa kopi yake bila kuchukua chenji, akaondoka akitazama nyuma.

Namba ya uthabiti ilitoka hasi 0.2. Yaani ingeruka, ingegeuka, ingerudi kutusalimia. Dawa yake ni kuongeza uzito puani. Mpwa akaiambia kompyuta kwamba kuna gramu 60 za udongo wa mfinyanzi ndani ya pua, kidoa cha buluu kikasogea mbele, na namba ikapanda mpaka 0.9. Akapiga makofi. Programu hii inafurahisha hivyo: unakosea, unafuta, roketi haijaumia. Nikamwuliza hizo gramu zimetoka wapi.

"Nimeziandika tu, njomba."

Wilaya ya jirani yetu ni Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza waliandika tu kwamba pale, na Kongwa, na Urambo, patalimwa karanga za kutosha kuipatia Uingereza mafuta ya kula. Kwenye karatasi karanga zilistawi. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimezikwa nao. Kwa hiyo mtu wa kusini akisikia "nimeziandika tu" anapaswa kushtuka. Nikamwambia tukaipime.

Hapo tukagundua upungufu mkubwa wa Masasi. Mji huu hauna shida ya mizani. Ziko za kupimia magunia ya korosho, ufuta, mbaazi na choroko, na mizani ya kuning'iniza watoto kliniki. Zote zinaanza kuamka kwenye kilo. Tulimpelekea chupa yetu mwenye duka la rejareja, akaiweka kwenye mizani yake, mshale haukutikisika. "Hii haina kitu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetugundua tunataka kumwuzia chupa tupu. Mwenye duka la dawa alikuwa na mizani ya watu wazima tu. Mwisho nikakumbuka mahali wanapopokea barua na vifurushi, ambako kila gramu ina bei.

Dada wa dirishani aliipokea roketi kwa heshima, akaiweka juu ya mizani, akachukua kalamu.

"Inakwenda wapi?"

"Juu," mpwa akasema.

"Juu wapi?"

"Angani. Mita kama hamsini."

Dada akafikiri. "Huko hatuna wakala," akasema, lakini akatusomea: gramu 175. Programu ilikuwa imeandika 150. Gramu 25 zimetoka wapi? Zilikuwa mkiani. Mpwa alikuwa amebandika mapezi yake ya boksi kwa selotepu, akaona hayajakaza, akaongeza, akaona bora azungushe kabisa, akamaliza gurudumu zima la selotepu ya dukani kwangu, ambayo ni bidhaa ya kuuza. Programu haikuambiwa habari za selotepu. Ilikuwa ikihesabu roketi nyingine, nyepesi na yenye adabu, ambayo haikuwepo duniani. Tulipouingiza uzito wa kweli na mahali ulipo, 0.9 ikashuka mpaka 0.5.

Kuna njia ya kuhakiki isiyotaka umeme wala mizani. Unafunga uzi kwenye kitovu cha uzito, unaizungusha roketi juu ya kichwa chako, unatazama. Pua ikitangulia, roketi ni thabiti. Mkia ukitangulia, rudi mezani. Kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na foleni ya wateja imeshakata tamaa, tukatoka uani. Mpwa akafunga uzi wa kushonea, akaanza kuzungusha. Ua wangu unapakana na kibanda cha mama ntilie, mtu wa busara, anayejua kwamba kijana akianza kuzungusha kitu kichwani ni wakati wa kufunika vyungu. Alifunika vyote isipokuwa cha maharage, maana alikuwa akiyakoroga.

Uzi wa kushonea haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ulikatika kwenye mzunguko ambao roketi ilikuwa imeshika mwendo, ikapita juu ya ukuta wa makuti, kimya kikafuata, kisha ukasikika mlio mzito wa kitu kuingia kwenye kitu. Mpwa alitangulia kukimbia. Nilipofika nilimkuta amechuchumaa mbele ya chungu akiichunguza roketi iliyosimama wima katikati ya maharage, mapezi juu, huku mama ntilie amemshikia mwiko utosini.

"Njomba, imeingia kwa pua!" akaniita. "Ni thabiti!"

Nililipia chungu kizima. Wanafunzi wa chuo kimoja cha jirani walikula mchana ule kwa hisani yangu na hawajui mpaka leo.

Lakini 0.5 haikumtosha, na alikuwa na haki. Sasa akataka kukisogeza nyuma kitovu cha upepo kwa kukuza mapezi. Alichana kidumu cha mafuta ya kula, akakata mapezi manne makubwa, akayapaka rangi za bendera ya taifa. Kwa mantiki yake, kama mapezi madogo ni mazuri, makubwa ni mazuri zaidi. Tulipima upya, kwenye dirisha lilelile, ambapo dada sasa alituuliza kama mzigo umerudi. Tukaingiza vipimo. Namba ikaruka mpaka 2.4.

Mpwa aliona ameshinda. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda programu hii, maana ina upande wa pili: ukishajenga, unairusha kwenye skrini na kutazama itapita wapi. Inahitaji injini, nayo ina orodha ndefu ya injini za viwandani, zilizopangwa kwa herufi A, B, C, D na kuendelea, kila herufi ikiweza kuwa na nguvu maradufu ya ile iliyoitangulia. Maji na pampu hayamo. Tulichukua injini ya herufi D, iliyokaribia nguvu tuliyoipigia hesabu. Injini ile huwaka kwa sekunde nzima na zaidi, ilhali chupa hutapika maji yake kabla hujamaliza kusema "hiyo". Kimo tusingekiamini. Nilichotaka ni mwelekeo.

Nikafungua sehemu ya mahali pa kurushia. Programu ilikuwa imekwishajaza yenyewe: latitudo 28.61 kaskazini, usawa wa bahari, upepo wa mita 2 kwa sekunde. Hapo ni Florida, Marekani, jirani na Rasi ya Canaveral wanakorushia roketi za kwenda mwezini. Sina ugomvi nao, lakini Newala ni latitudo 11 hivi kusini, juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Simama pale Shimo la Mungu wakati wa kusi utaelewa. Ardhi inakatika miguuni mwako, bonde linashuka mpaka Ruvuma na Msumbiji inaonekana ng'ambo, na upepo unaotoka huko chini unapanda na kofia ya kila mgeni asiyeambiwa. Nikaandika mita 7 kwa sekunde. Mstari wa safari, uliokuwa umesimama wima Florida, ukalala Newala.

Na haukulalia upande ambao ungedhani. Watu wote niliowauliza walisema kitu chepesi kitapeperushwa kule upepo unakokwenda. Roketi yenye mapezi makubwa haifanyi hivyo. Upepo wa ubavuni unausukuma mkia, pua inageuka kuukabili upepo, na kwa kuwa roketi huenda kule pua inakotazama, inakimbilia kule upepo unakotoka. Uthabiti ukizidi, ndivyo inavyozidi kuwa na shauku. Niliichapa picha ile, nikamshauri mpwa ayapunguze mapezi. Alikataa. Akipunguza, alisema, mstari mweusi wa bendera utakatika.

Uhamisho wa roketi kutoka Masasi kwenda Newala sina hamu ya kuusimulia. Ilipanda Noah, tukapita daraja la Mwiti, na kwenye kupandisha mlima abiria mmoja aliyebeba mfuko wa salfa ya mikorosho alimwegemea mpwa, naye mpwa akamwegemea abiria mwenzake ili asiiegemee roketi. Konda alitaka nauli ya chombo. Pezi moja lilifika limejikunja.

Newala tulihitaji kibali. Tangu vurugu za Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Msumbiji, zianze mwaka 2017, mtu mwenye akili timamu harushi kitu kuelekea Ruvuma bila kuaga, na mwaka 2020 watu wa Kitaya, kijiji cha mpakani mkoani kwetu, walishambuliwa kweli. Kwa hiyo niliandika barua mwenyewe, na kwa uzoefu wangu wa barua sikuweka neno roketi hata mara moja. "Yah: Ombi la kurusha chupa ya soda kwa ajili ya elimu." Mtendaji aliisoma mpaka mwisho, akanitazama.

"Kurusha chupa mnaombea kibali? Vijana wa kilabuni wanarusha kila Jumamosi."

Akagonga muhuri. Polisi kata naye akaridhika, akaomba tu aalikwe.

Kwa mama yangu mambo yalikuwa magumu zaidi. Nyumba ya Newala haiendeshwi na fedha, inaendeshwa na maji. Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga, mvua inanyesha na kuzama, chemchemi ziko chini mabondeni. Wazee walikubali kukaa juu bila maji kwa sababu walioteka watumwa hawakupenda kupanda, na wajukuu wakarithi usalama pamoja na ndoo. Mradi wa maji ya bomba ulianza miaka ya 1950 na umefika mbali, lakini mama alikua wakati wa kuteremka mlima na mtungi kichwani, na mtu aliyekua hivyo hamwagi maji hata kwenye maua. Mpwa alimweleza roketi yote, Newton na Barrowman. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unachukua maji ya ndoo yangu," akasema, "unayarusha mbinguni. Mbinguni ndiko yalikotoka. Umeyarudisha."

"Ni nusu lita, bibi."

"Na ukikosea?"

"Nitarudia."

"Basi si nusu lita."

Waliafikiana kwamba roketi itatumia maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Nilichungulia ndoo hiyo. Kitaalamu, maji yenye sabuni na mabaki ya ugali wa muhogo ni mazito kidogo kuliko maji safi, lakini sikuwa na moyo wa kurudi kwenye kompyuta.

Kulikuwa na jambo la abiria pia. Mpwa alikuwa amesikia kwamba Jean-Patrice Keka, mhandisi wa Kongo, aliwahi kumpandisha panya kwenye roketi yake iliyoitwa Troposphere 5. Hakuwa amesikia mwisho wake: roketi ilipinda njiani na panya hakurudi. Mama aliposikia habari za panya kuwekwa kwenye chupa alicheka mpaka akakaa. Kusini huku panya wa shambani tunamwita samaki nchanga, na hakuna anayemrusha angani kabla ya chakula.

Siku ya maonesho ikafika, na pamoja nayo mgeni rasmi. Naomba nitoe onyo la kihistoria. Mwaka 1978 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilikuwa na eneo la kurushia roketi huko Shaba, Zaire, juu ya uwanda unaotazama bonde la mto Luvua. Mruko wa kwanza, mwaka 1977, ulikwenda vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu, tarehe 5 Juni 1978, wakamwalika Rais Mobutu ashuhudie. Roketi ikapaa, ikainama, ikaenda kuanguka bondeni. Kwa upande mwingine, kule Malindi Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini mara kadhaa, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru na kuwa ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Wao jukwaa lao lilikuwa baharini, mahali pasipo na nafasi ya turubai la wageni. Mimi nina maoni yangu.

Mwalimu aliyepewa kazi ya kupanga viti alikuwa ameweka turubai upande wa kusini wa uwanja. Nilimfuata na karatasi yangu.

"Mwalimu, itageukia huku."

Akalowesha kidole, akakiinua. "Upepo unatoka huku kwenda kule. Sasa kitu chepesi kitakujaje huku?"

"Mapezi yake ni makubwa. Pua itaukabili upepo. Programu imeonesha."

Akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma na mbele. "Hii imechapwa wapi?"

"Masasi."

"Ahaa. Upepo ni wa Newala."

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Nilichoweza ni kuomba watu wasogezwe mbali na turubai lirudishwe nyuma hatua kadhaa, na hilo alinikubalia kwa sababu ya kivuli cha mwembe.

Mshereheshaji alianza kusoma risala ya shule. Mnaijua risala: pongezi, historia fupi, mafanikio, kisha changamoto. Uzio. Matundu ya vyoo. Nyumba za walimu. Alikuwa amefika kwenye upungufu wa maji, na mgeni rasmi ameshaanza kutazama saa, fundi baiskeli aliyekuwa akipampu alipomnong'oneza mpwa kwamba kizibo kinanguruma. Hakikungoja ratiba. Kililipuka, maji ya kuoshea vyombo yakamvaa fundi kuanzia kifuani, na chupa ikapanda kando ya mwanzi uliowekwa kuiongoza na kupita kimo cha mikorosho, imenyooka, bila kuyumba hata kidogo. Uwanja mzima ukasema aaah. Kisha ikakutana na kusi. Ikageuza pua kwa utulivu mkubwa, ikautazama upepo, na kuufuata ulikotoka, ikapita juu ya turubai na kushuka kwa pua kwenye spika kubwa ya mshereheshaji, pembeni kabisa, pasipo na mtu.

Spika ikalia mara moja, ikazimika. Risala ikaishia kwenye neno "maji".

Polisi kata ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mgeni rasmi alisimama na kupiga yake kwa nguvu kuliko wote, akasema amefurahishwa sana na ufupi wa risala. Mwalimu wa viti alinijia, akaniomba ile karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni bila neno. Mpwa alikwenda kuichomoa roketi, akarudi akiinua lile pezi lililojikunja kwenye Noah, akidai ndilo lililoharibu. Si kweli. Mapezi yalifanya kazi yao sawasawa.

Majaji waliipa roketi nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa wasichana wawili waliotengeneza mfumo wa kuvuna maji ya mvua kwa bati na mapipa, na mama yangu, ambaye hakualikwa kuwa jaji, alilisifu sana jopo lile. Spika nimeichangia mimi, mjomba.

Mpwa ameshaanza mchoro mwingine, wenye mapezi ya kiasi, uthabiti 1.4 kwa gramu zilizopimwa. Faili la roketi ya kwanza ninalo dukani, pamoja na programu yenyewe, kwa shule yoyote ya Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu inayotaka. Sitozi chochote. Njoo na flashi isiyo na virusi, na uje na selotepu yako.